Maswali ya Bustani: Nimepanda mbegu za nyanya za Anna F1, zimetoka za kila aina

SWALI, msomaji wa Ilula, Iringa:
Shikamoo Bibi Shamba. Mwaka jana nilipanda Anna F1 kwenye viroba nyuma ya nyumba, zikazaa mpaka majirani wakaulizia, nikaona ya nini kununua tena pakti (bei yake unaijua), nikakamua mbegu nikakausha. Msimu huu hazifanani kabisa, moja inatoa ndefu, nyingine duara, nyingine vidogo vidogo. Nimeharibu mbegu? Na aina yangu mwenyewe naweza kuitengeneza hapa nyumbani?

JIBU:
Marahaba mwanangu. Hujaharibu kitu. F1 ni mtoto wa wazazi wawili tofauti, yeye na ndugu zake wanafanana, ila wajukuu kila mmoja anachukua chake, huyu sura ya babu yule mwili wa bibi. Wanaotengeneza mbegu wanaanzia hapo hapo ulipofika. Chagua mche mmoja au miwili uliyoipenda, mbegu zake ziweke mbalimbali usizichanganye kopo moja, panda tena, chagua tena, ukifika kizazi cha sita au cha saba hivi zitakuwa zinafanana. Kwa misimu miwili kwa mwaka ni kama miaka mitatu, sio kesho.

Ila chagua MCHE, usichague nyanya. Watu wengi wanasubiri jikoni wanachukua nyanya kubwa kwenye beseni basi hiyo ndo mbegu, kumbe ile kubwa imetoka kwenye mche uliozaa mbili tu. Mimi naangalia uliobaki na majani wakati wa mvua ukungu umepiga wenzake, hata kama nyanya zake za kawaida.

Ukitaka kuchanganya mwenyewe, chukua aina mbili za nyanya, Cal J iwe mama na Money Maker awe baba. Nyanya inajichavusha yenyewe, kwa hiyo lazima uwahi. Tafuta ua la Cal J ambalo kesho ndo lingefunguka, petali zimeanza unjano lakini bado zimefumba, toa kwa kibanio cha nyusi kile kikoni cha njano chenye unga, taratibu, kijiti cha katikati ukikikata umeua ua. Asubuhi umande ukikauka gongagonga ua la Money Maker lililofunguka juu ya kava nyeusi ya simu, utaona unga mweupe mweupe, gusisha kwenye ncha ya kile kijiti, na kesho yake rudia. Maua mengine ya kishada hicho yatoe.

Alama je? Mara ya kwanza nilifunga uzi mwekundu, kuku wakaula, nikabaki nahesabu vishada kama mganga. Siku hizi nakata vijani viwili vya kijani vinavyoshika ua, nyanya inaiva na vijani vyake vimekatwa vile vile, huwezi kukosea.

Kwa nini Cal J awe mama? Kwa sababu ni fupi, inafika mahali inaacha kurefuka, na ufupi huo unafichwa na urefu wa Money Maker. Mbegu zikiota na miche yote ikarefuka ikadai miti, hongera, umechanganya kweli. Ikitoka mifupi ujue ulichelewa na ua lilishajichavusha, hapo una Cal J tu na umepoteza miezi (yamenikuta mara mbili). Kizazi kinachofuata mmoja kati ya wanne hivi atakuwa mfupi, kwa hiyo usipande mitatu, panda hata 20.

Kula na familia ni ruksa, ila ukitaka kufunga kwenye pakti uuze kama mbegu, hiyo ina utaratibu wake, waone TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, kwanza.

SWALI, msomaji wa Tanga:
Bibi, jirani kapanda pilipili kando ya tungule (nyanya) zangu, sasa naogopa zitakuwa kali.

JIBU:
Lala usingizi. Pilipili na tungule ni ukoo mmoja wa mbali ila hazizai pamoja. Na hata ua likichavushwa na mwingine, nyama ya tunda ni ya mama, mchanganyiko unakaa kwenye mbegu. Kama umeonja moja ikawa kali, muulize aliyekata kachumbari kisu hicho kwanza alikatia nini.