Je, hakuna neno la Kiingereza linaloishia na herufi v?

SWALI: Nafundisha Kiingereza kwa wanaoanza. Wanafunzi wangu huandika hav, giv na liv. Niliwaambia hakuna neno la Kiingereza linaloishia na v, kisha mmoja akanionyesha rev kwenye kamusi. Je, kanuni yangu ni ya uongo? Naomba pia maneno mafupi ya aina hiyo na maana zake.

JIBU: Ndugu mwalimu, kanuni yako ni sahihi kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza, kilichozidi ni "hakuna". Have, give, live, love, above, glove, twelve, serve: yote humalizia kwa sauti ya v, na yote huandikwa kwa e isiyotamkwa.

Sababu ni ya kihistoria. Zamani u na v zilikuwa herufi moja yenye maumbo mawili. Hadi karne ya 17 wachapaji wa Kiingereza waliweka v mwanzoni mwa neno na u katikati, hivyo have ikachapishwa haue, na upon ikachapishwa vpon. Ile e ya mwisho ndiyo iliyomjulisha msomaji kwamba u iliyotangulia ni konsonanti, si irabu. Herufi mbili zilipokuja kutenganishwa, e ilibaki mahali pake. Ndiyo maana katika give haifanyi kazi inayofanya katika five, ambamo irabu hutamkwa "ai". Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba e ya mwisho hubadilisha irabu atasoma give kama "gaiv", na huwezi kumlaumu. Mfundishe ve kama kipande kimoja, kisha ajifunze matamshi ya kila neno. Live lina yote mawili: kitenzi, kuishi, ni "liv", kivumishi, cha moja kwa moja au chenye uhai, ni "laiv".

Maneno yanayoishia na v tupu karibu yote ni vifupisho, maneno ya mitaani, au maneno yaliyotoka lugha nyingine.

Rev limekatwa kutoka revolution. Kama nomino ni mzunguko mmoja wa injini. Kama kitenzi ni kukanyaga mafuta ili injini ivume kwa kasi. Likiandikwa Rev. kwa herufi kubwa mbele ya jina la mtu, ni neno jingine: kifupi cha Reverend, yaani Mchungaji. Guv limetoka governor, na Waingereza hulitumia kumwita mkubwa wa kazi au mwanamume wasiyemjua, kwa heshima isiyo rasmi. Luv ni love iliyoandikwa inavyosikika. Inafaa kwenye ujumbe kwa rafiki, haifai kwenye insha wala barua ya kazi. Derv ni dizeli ya magari huko Uingereza, na limeundwa kwa herufi za kwanza za Diesel-Engined Road Vehicle.

Shiv ni kisu au chuma kilichonolewa kwa siri, hasa gerezani. Spiv alikuwa mlanguzi wa Uingereza wa miaka ya 1940, mtanashati aliyeuza bidhaa za mgao kwa magendo. Lev ilikuwa sarafu ya Bulgaria tangu mwaka 1881 hadi nchi hiyo ilipoanza kutumia euro mwaka 2026, na wingi wake ni leva. Vav na tav ni herufi za Kiebrania, ya 6 na ya 22. Slav, Mslavi, huanza kwa herufi kubwa. Utakutana pia na chav na perv. Yote mawili ni matusi: la kwanza hudharau vijana wa tabaka la chini, la pili humwita mtu mpotovu wa kingono. Wanafunzi wayaelewe wakiyasikia, wasiyatumie.

Viambishi huleta makosa mengi kuliko orodha yenyewe. Have na give hupoteza e: having, giving. Rev haina e ya kupoteza, kwa hiyo v huongezwa: revved, revving. Ukiandika reving, msomaji ataanza kusoma "riiving". Hata hivyo, usifanye hiyo kuwa kanuni ya kila v inayofuata irabu fupi. Never, seven na river zina v moja, kwa sababu waandishi wa zamani waliepuka vv isije ikasomwa kama w. Vv hupatikana katika maneno machache ya baadaye kama savvy, mwerevu wa mambo, na navvy, kibarua wa kuchimba barabara na reli.

Na tahajia isikusahaulishe sikio. Of huandikwa kwa f lakini hutamkwa kwa v. Off ndiyo yenye f halisi. Wanafunzi wengi hugeuza v ya mwisho kuwa f, leave ikasikika leaf, au huongeza irabu na kusema "livu". Dawa inayofaa ni kuvuta irabu: Waingereza huirefusha kabla ya v na kuikata kabla ya f. Wape jozi save na safe, prove na proof, leave na leaf, wazitamke polepole. Meno ya juu yabaki yamegusa mdomo wa chini hadi sauti iishe, bila kufungua mdomo mwishoni, maana ukifunguka mapema ndipo ile "u" inapojitokeza.