Usisaini hiyo kadi kabla hujasoma katiba ya chama

Mkuu umesema umeangushwa kura za maoni za chama chako, jana chama kidogo kimekupigia simu kinakupa nafasi ya udiwani, halafu unauliza vyama vina kazi gani serikalini, viko vya aina ngapi na kipi bora, kikubwa au kidogo. Tulia kwanza. Usisaini kitu. Mimi 2015 nilikuwa hapohapo ulipo.

Niliangushwa, wiki hiyohiyo saa tatu usiku katibu wa wilaya wa chama kingine akanifuata dukani, nauza spea za pikipiki, akatoa kadi ya uanachama mfukoni akaandika jina langu palepale kaunta kwa peni yangu mwenyewe. Nikamuuliza katiba iko wapi, akasema "hiyo utasoma ukishaapishwa mheshimiwa". Nikauza kiwanja, hela ikaishia kwenye spika, mafuta na posho za mawakala, nikashinda udiwani kwa kura 61.

Sasa sikia. Hapa Tanzania hugombei bila chama. Mwanasiasa Mchungaji Mtikila alihangaika mahakamani kudai mgombea binafsi, yaani asiye na chama, tangu miaka ya 90 mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa ushindi 2013, na uchaguzi wa 2025 umepita bado hakuna mgombea binafsi. Kwa hiyo kiti hukikalii kwa kura peke yake, siku ukikoma kuwa mwanachama wa chama kilichokupeleka na kiti kimeondoka, uwe umehama mwenyewe au umefukuzwa. Kata nzima ikupende, watu kumi na kitu wa kikao cha chama wakiinua mikono ukumbini kwisha habari.

2017 chama kikaagiza madiwani wake wote tususie kikao cha bajeti. Kwangu kuna zahanati imefika usawa wa lenta, hela yake imo kwenye bajeti hiyohiyo, mi ningesusaje? Nikaingia nikapiga kura. Wiki mbili haijafika bodaboda akaniletea bahasha ya kaki, ndani karatasi moja, mhuri umekaa upande, nimefukuzwa uanachama. Mbio kwa yule katibu, akaniambia "usiwe na presha, haya tunayamaliza ndani kwa ndani". Nikatulia. Kumbe katiba yao, ileile ya kusoma baadaye, inasema rufaa ni ndani ya siku 14! Mimi naishika kwa mara ya kwanza siku ya 19, kwenye ofisi ya mwanasheria, kifungu chenyewe mistari minne tu, nimekisoma mara tatu jasho linanitoka. Na yule bwana alijua, haiwezekani katibu wa wilaya asijue siku za rufaa, kwa sababu uchaguzi mdogo wa kata yangu ulipoitishwa alikuwa juu ya gari anampigia debe mtu mwingine. Sijamsamehe mpaka leo na sioni sababu ya kujificha kwenye hilo.

Yamewakuta hata wakubwa. Mbunge Kafulila alifukuzwa na chama chake cha NCCR-Mageuzi 2011, mbunge Hamad Rashid na chama cha CUF mwanzoni mwa 2012, wote wakakimbilia mahakamani mapema wakapata zuio na ubunge ukabaki. Wale wabunge 8 wa viti maalumu wa CUF mwaka 2017 hawakupona, wakavuliwa na wengine wakaapishwa nafasi zao.

Hayo ya aina za vyama, tawala, upinzani, sijui vile vya Zanzibar na Serikali ya Umoja wa Kitaifa iliyoanza 2010, wengine humu watakujibu. Mimi nakwambia kitu kimoja, jua kwanza kikao gani kina mamlaka ya kukufukuza na rufaa ni siku ngapi, kwa nani. Mwambie huyo aliyekupigia akuletee katiba leo, nzima, siyo picha za kurasa mbili WhatsApp. Akianza "utasoma baadaye" kata simu. Na kama fomu zinarudishwa keshokutwa usikubali akukimbize, usiku mmoja unatosha, ya kwetu ilikuwa kurasa 60 na kitu.