Fundi Anajibu: FoxPro ya duka letu, Linux itaibeba?

Shikamoo fundi. Nasimamia duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga, stoo pamoja na madeni ya wateja yote yamo kwenye programu tuliyotengenezewa 2006 kwa Visual FoxPro 9, zana ya Microsoft ya kutengenezea programu za kutunza kumbukumbu, aliyeitengeneza ashahama mji na simu yake haipatikani. Kompyuta zetu nne ni za Windows 10 ambayo tangu Oktoba 2025 haipati tena masasisho, na Windows 11 zinaikataa. Mpwa wangu anasema tuweke Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, ni bure, na programu itaendelea kama kawaida. Ni kweli? Na leseni je, hatutaingia matatani? Naogopa sana kupoteza madeni, mengine ni ya miaka.
— Msomaji, Tanga

Marahaba mama. Kabla hujamruhusu mtu yeyote kugusa hizo kompyuta, leo hii chukua flashi mbili, nakili folda yote ya programu, moja ibaki dukani moja ipeleke nyumbani. Na nikisema folda yote namaanisha yote, maana watu wananakili mafaili ya DBF tu, yaani majedwali ya data, wanaacha yale ya FPT yenye jina lilelile, kumbe kwenye FPT ndo yanakaa yale maelezo marefu, mfano "kachukua mabati kwa dhamana ya kaka yake", sa ukiyaacha unabaki na jina la mteja na namba lakini habari yenyewe ya deni haipo. CDX ni indeksi, yaani orodha ya kutafutia haraka, hiyo hata ikiharibika inatengenezwa upya.

Haya, mpwa wako hajakudanganya. Kwenye Linux kuna kitu kinaitwa Wine, kinaisaidia programu ya Windows ifanye kazi bila Windows yenyewe, na Visual FoxPro ni miongoni mwa programu zinazokubali vizuri kiasi, ila ni ya biti 32, mtindo wa zamani, kwaiyo hakikisha Wine mnayoweka inakubali programu za biti 32. Shida utaiona kwenye kuprinti. Ripoti iliyopangwa kwa fonti ya Courier New, fonti isipokuwepo safu zinahama, bei inaenda kukaa chini ya idadi, na kama mnatumia zile printa za sindano kwenye karatasi za nakala mtahangaika siku mbili tatu. Linux pia inatofautisha herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili. Nishawahi kukuta folda ina BIDHAA.DBF na bidhaa.dbf zimekaa pamoja, mtu alirudisha bakapu juu yake akidhani amefuta la zamani, programu inasoma moja na yeye anafungua lingine anashangaa mbona mauzo ya wiki nzima hayapo. Tuliyapata, lakini jasho lilitutoka.

Sasa leseni, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu watu wengi wanachanganya vitu vinne kuwa kimoja. Kuna data, hiyo ni yenu, majina na madeni hayo hakuna kampuni inayoweza kuyadai. Kuna programu aliyoandika fundi wenu, hiyo inategemea mlikubaliana nini, tafuta hata risiti au karatasi mliyosainiana, na angalia kama alikuachieni yale mafaili ya PRG aliyoyaandika kwa mkono wake au EXE peke yake, yaani programu iliyokwisha fungwa. Kuna Linux, hiyo kweli ni bure. Halafu kuna mafaili ya injini, yale yanayoiendesha programu, utayaona kwenye folda, VFP9R.DLL na wenzake, hayo ni mali ya Microsoft. Fundi wenu aliruhusiwa kuwapa bure bila kulipia kila kompyuta, lakini kwa masharti, na moja ya masharti ni kwamba yafanye kazi kwenye Windows.

Hili si jambo la kunong'onezana tu. Mwaka 2003 Mmarekani mmoja mchapishaji wa vitabu vya FoxPro, Whil Hentzen, alianza kuonyesha watu kwamba Visual FoxPro inakimbia kwenye Linux kwa Wine, na watu wa Microsoft wakamwambia leseni hairuhusu kugawa injini hiyo kwa namna ile. Wataalamu wa FoxPro wakabishana mno, kwa sababu kitu kilikuwa kinafanya kazi mbele ya macho yao na karatasi inakataa. Baada ya hapo Microsoft wenyewe wakatangaza Machi 2007 kwamba hakutakuwa na toleo la 10, na Januari 2015 msaada ukaisha kabisa. Lakini msaada kuisha hakufuti leseni, mama; wengi wanadhani kitu kikiachwa na mwenyewe kimekuwa cha wote, sivyo.

Ningekuwa mimi ningefanya ivi. Nunua kompyuta moja, hata iliyotumika, inayokubali Windows 11 yenye leseni halali, programu yenu itakimbia humo bila shida na unakuwa msafi. Zile nne weka Linux kwa barua, barua pepe na kazi nyingine. Halafu tafuta kijana akuhamishie data, DBF zinafunguka hata kwa LibreOffice, kutoka hapo zinaenda PostgreSQL au MariaDB, hifadhidata za kisasa za bure, na unatengenezewa programu mpya polepole huku ile ya zamani bado inauza. Na mkiona kompyuta moja haitoshi mkaongeza ya pili ya Windows, folda ya data inaweza kukaa kwenye sava ya Linux kwa Samba, programu inayowezesha Windows kufungua folda iliyo Linux, hapo injini bado iko kwenye Windows, data tu ndo iko Linux. Ila mwambie kijana azime zile oplock, yaani ruhusa ya kila kompyuta kujiwekea nakala ya faili kwa muda, kwa mafaili ya DBF, CDX na FPT, asipofanya hivo watu wawili wakiuza kwa pamoja indeksi zitaharibika.

Na safari hii mkataba uandikwe, na PRG au chochote atakachoandika kibaki kwenu.

Kaka, mimi yangu ni ya zamani zaidi, FoxPro 2.6 ya DOS, mfumo wa kabla ya Windows, laptop mpya inaikataa kabisa. DOSBox inafaa?
— Msomaji, Mombasa

Kufunguka itafunguka, lakini DOSBox, programu ya kuigiza DOS, ilitengenezwa kwa ajili ya magemu, usiiamini na hesabu za biashara hasa kama mpo zaidi ya mmoja. Weka FreeDOS ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako; FreeDOS ni DOS iliyo huru kisheria, ilianza 1994 na mpaka leo inatunzwa.

Nikiweka Windows ndani ya VirtualBox juu ya Linux, leseni ya Windows iliyokuja na laptop si inatosha?
— Msomaji, Kigoma

Hapana ndugu yangu. Ile kwa kawaida imefungwa na laptop yenyewe, Windows ya ndani ya VirtualBox inahesabiwa kama kompyuta nyingine na inataka leseni yake. Na VirtualBox yenyewe ni bure, ila ile nyongeza yake inayoitwa Extension Pack, ya Oracle, ni bure kwa matumizi binafsi, masomo na kujaribu tu, ofisini inalipiwa, kwaiyo kama huihitaji usiinstoli.