Kwa miguu, na anzieni Rubondo

Wiki hii mmeuliza kama tungekubali kuzunguka porini kwa miguu na muongozaji au gari linatosha. Mi nasema kwa miguu, tena sisi wa Mwanza hatuna hata haja ya kuwazia Serengeti kwanza, Rubondo ni kisiwa, kipo hapo Ziwa Victoria, hifadhi ya taifa tangu 1977, na huku kwetu wengi tunaijua kwa jina tu.

Kwanini Rubondo? Simba hawapo kisiwani, kwa hiyo anayeanza hatembei anatetemeka kila nyasi zikicheza. Ila usijidanganye, tembo wapo, viboko wapo, mamba wapo, ndo maana askari anatangulia na bunduki na nyie mnamfuata mstari mmoja, akinyoosha mkono mnaganda hata kama stori ilikuwa imenoga. Sasa kilichonimaliza mimi ni njia ya kiboko. Watu tunamjua wa majini tu, kumbe usiku anapanda nchi kavu kula nyasi na anapita palepale kila siku, mpaka ardhi inachimbika vijifereji viwili na katikati kinabaki kituta cha nyasi, kwa vile miguu ya kushoto na ya kulia imeachana sana. Wenzangu wakataka kupiga selfi pale pale, askari akawatoa mbio, anasema kiboko akishtuka anakimbilia maji na wewe ukiwa kati yake na ziwa hakuzunguki. Kwenye gari hiyo njia unaikanyaga na tairi wala huna habari.

Afu kuna mavi ya tembo, msicheke. Askari wetu alilibomoa bonge moja kwa kijiti, ndani mbegu nzima nzima na nyuzi za magome, bado mbichi kabisa, akachota vumbi akaliachia taratibu aone upepo unaelekea wapi, afu bila maelezo akatugeuza tukapita upande mwingine. Tembo mwenyewe hatukumuona na wala sijadai hela yangu.

Sokwe ni habari nyingine. Waliletwa kuanzia 1966 kutoka Ulaya, walikokuwa wamefungiwa, ni mpango wa yule Mjerumani mtaalamu wa wanyama, Bernhard Grzimek, wakaachiwa msituni wajitafutie na wamezaana mpaka leo. Kama una mafua au unakohoa usiende kuwatafuta, wanaambukizwa na sisi kirahisi sana.

Nguo jamani! Mtu anakuja na jinzi ya bluu na tisheti nyeusi afu analalamika mbung'o wanamng'ata yeye tu, hizo ndo rangi wanazozipenda. Vaa kaki, vaa rangi ya udongo, na pafyumu iache nyumbani.

Kwenda sio kazi kama zamani, daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa 2025 so pantoni husubiri tena, unanyoosha Geita mpaka Nkome unapanda boti. Boti ndo inakula hela, jikusanyeni. Mfuko ukikataa kabisa kuna kisiwa cha Saanane, boti dakika chache tu kutoka mjini, utatembea juu ya mawe na pimbi na swala, ingawa mi ile naiita matembezi ya jioni.

Mume wangu bado anapigia kura gari, anataka kiti na soda ya baridi. Tukienda tena atabaki kambini alinde mabegi.