Boneti Iache Mwisho: Kwa Anayeanza Kupanga Mbele ya Pikapu ya Zamani

Kijana mgeni kwenye kazi ya bodi akipewa pikapu ya zamani ambayo mbele imekaa upande, mkono wake unakimbilia boneti. Namwelewa. Boneti ndiyo inayoonekana kuliko vyote, na mwenye gari akija analalamikia hiyo hiyo. Lakini ninyi mnaoanza, mlioko Gerezani, Ilala, Tandale au popote penye kivuli cha mkungu na boksi la spana, nawaomba mlishike hili: boneti hufuata fenda, fenda hufuata mlango, mlango hufuata kabini, na kabini imekalia chasisi. Ukianza juu kabla ya kujua chini kukoje, utashinda unahamisha kasoro kutoka kona moja kwenda nyingine.

Kwa hiyo tuanze chini, tena chini kabisa, kwenye ardhi. Gereji zetu nyingi za Dar zimekaa juu ya mchanga. Tairi moja likizama kidogo, chasisi ya pikapu ya zamani inajipinda, maana zile reli mbili zilitengenezwa ziweze kunyumbulika barabara mbovu. Ukipanga mianya, yaani nafasi kati ya bati na bati, gari likiwa limesimama hivyo, likifika kwenye lami mianya yote inahama. Azima mpira wa maji kwa mafundi uashi, ule mpira mweupe wa kupimia usawa, upime usawa wa ardhi chini ya tairi zote nne. Penye bonde weka ubao. Tairi ziwe na upepo sawa, injini na rejeta viwe mahali pake, na jeki iwe imetolewa. Bodi iliyopangwa gari likiwa juu ya jeki itabidi ipangwe upya likishuka.

Kisha pima chasisi. Huhitaji mashine. Chagua matundu ya kiwandani yanayolingana kulia na kushoto, dondosha timazi kutoka kila tundu, weka alama ya chaki chini, sogeza gari, halafu pima alama hizo kwa mshazari, kona hadi kona. Mishazari miwili ikipishana milimita 2 au 3, endelea na kazi. Ikipishana sentimita nzima, mweleze mwenye gari ukweli kwamba chasisi inyooshwe kwanza, hata kama alikuja kwa ajili ya boneti tu.

Hapo ndipo unapanda kwenye raba za kabini, zile zinazokaa kati ya kabini na chasisi. Za zamani hubonyea au huliwa na mafuta, na wengi huzibadilisha kwa vipande vya tairi. Sina ugomvi na kipande cha tairi, ilimradi vyote viwe na unene mmoja. Raba moja ikiwa nene kuliko mwenzake, kabini nzima inaegemea upande, kama kitanda kilichowekewa tofali mguu mmoja. Baada ya raba, nenda mlangoni. Ufungue nusu, ushike mwisho wake, uinue. Ukicheza juu na chini, pini za bawaba zimekwisha, na hakuna fenda itakayokubaliana na mlango huo mpaka pini zibadilishwe. Mlango upangwe na kabini yenyewe kwanza, kwa ukingo wa nyuma na wa chini. Usiupange kwa kuifuata fenda.

Sasa fenda, na hapa ndipo nataka mtulie, kwa sababu ndipo watu wanapotumia nyundo pasipo sababu. Mzee mmoja wa Kigamboni alileta Chevrolet C10 ya miaka ya 60. Ilikuwa imepita gereji nyingine, na huko walikuwa wamejaza fila, ile pasta ya kuzibia mabonde ya bati, kwenye ukingo wa fenda ili kupunguza mwanya wa mlangoni. Mwanya ulikuwa mpana juu na mwembamba chini, kiasi kwamba chini rangi ilikuwa inakwaruzana mlango ukifunguliwa. Sura hiyo ina maana moja karibu kila mara: pua ya gari imeshuka. Kwenye pikapu za namna hiyo fremu ya rejeta imefungwa kwa bolti juu ya chasisi, katikati kuna raba, na fenda zimeshikwa mbele na fremu hiyo. Raba ikibonyea, mbele inashuka, fenda inazunguka: kona yake ya juu kule mlangoni inasogea mbele, kona ya chini inarudi nyuma. Dawa ni kulegeza bolti za fenda, kuinua fremu ya rejeta, na kuweka raba mpya au washa pana za kujazia, vile visahani vyenye tundu la bolti katikati. Mwanya ukiwa mwembamba juu na mpana chini, ni kinyume chake: pua iko juu mno, toa washa.

Hesabu yake ni nyepesi. Fenda ni ndefu kuliko kimo chake, mara nyingi zaidi ya mara mbili. Ukiinua mbele kwa milimita 3, mwanya wa juu unapungua kama milimita 1 na kitu. Ukijua hivyo hutashangaa kuona umeongeza washa moja nyembamba na hakuna kilichobadilika, wala hutarundika washa tano kwa mpigo. Inua kulia na kushoto kwa zamu, ukipima kila mara. Halafu pima mshazari wa uwazi wa injini: kutoka kona ya chini ya kioo kulia hadi kona ya mbele kushoto, na kinyume chake. Vipimo hivyo visipolingana, boneti haitakaa hata iwe mpya kutoka kiwandani.

Bolti zote katika hatua hii zishikwe kwa mkono tu na kubanwa kidogo. Matundu ya bolti za fenda yameachwa mapana makusudi ili panel ziweze kusogea. Bolti ya kwanza kubanwa iwe ile iliyo karibu na mlango, ukifungua na kufunga mlango taratibu kila baada ya kubana, kisha uje mbele. Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote, rangi isiumie. Kupimia mwanya mimi hutumia vipande vya kadibodi vilivyokunjwa kwa unene mmoja. Kwa pikapu ya umri huo, milimita 4 hadi 6 inanitosha. Jicho halisumbuliwi sana na mwanya wa 6. Linasumbuliwa na mwanya unaoanza na 3 na kuishia na 7.

Boneti sasa. Kabla ya yote, paka bawaba zake grisi na uzichezeshe. Bawaba zilizoshikwa na kutu zikilazimishwa, zinakunja kona za nyuma za boneti, na kunyoosha hapo ni kazi ngumu. Ondoa loki kabisa, shusha boneti taratibu, mwenzako akiangalia kila kona. Nyuma inapandishwa na kushushwa kwenye bawaba. Mbele inapandishwa kwa zile raba zinazokaa chini yake. Loki kazi yake ni kushika, si kuvuta boneti iende upande.

Wenye Land Rover za zamani wana habari yao. Tangu gari hizo zianze mwaka 1948 bati lao la nje lilikuwa karibu lote aluminiamu, kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, lakini ukuta ulio kati ya injini na kabini, unaobeba bawaba za milango, ni wa chuma. Huku kwetu, hewa ya bahari ikipata unyevu pale aluminiamu inapogusana na chuma, aluminiamu inaliwa na kuacha unga mweupe. Ukiuona, usikimbilie kupanga fenda. Kagua kwanza miguu ya huo ukuta inapokaa kwenye chasisi. Ikiwa imeoza, milango na fenda vyote vitakuwa vinaning'inia kwenye kutu. Na unaporudisha, weka raba nyembamba au rangi nzito katikati ya metali hizo mbili.

Kuhusu spea: ukienda Shauri Moyo kutafuta fenda, beba futi kamba na vipimo vya fenda ya upande usioharibika. Fenda iliyotolewa kwenye gari lililogongwa inaweza kung'aa na bado ikawa imepinda kwenye matundu ya bolti. Iweke chini mahali tambarare, uitazame kwa jicho moja kutoka mwisho.

Fila na rangi visiguswe mpaka gari liende barabarani. Liendeshwe kwanza likiwa na tepu zake, mtaani kwenye mashimo na kwenye lami, kisha lirudi bolti zibanwe tena na mianya ipimwe, kwa sababu raba mpya hukaa baada ya kutikiswa. Kabla halijatoka, rudisha loki na ujaribu ndoano ya usalama ya boneti peke yake: vuta loki ya ndani, kisha jaribu kuinua boneti kwa nguvu bila kugusa ndoano hiyo. Ikifunguka, gari halitoki. Boneti ikinyanyuka kwa upepo Barabara ya Morogoro inafunika kioo chote, na dereva haoni chochote.