Jino la kupandikiza: ule nini siku za mwanzo

Pole sana ndugu. Umesema umepandikizwa jino juzi, shavu limeumuka na unaogopa hata kumeza uji. Uvimbe huo usikutishe. Kwa kawaida hufika kilele siku ya 2 au ya 3, kisha hunywea.

Mimi wiki ya kwanza niliishi kwa mtindi, supu iliyopoa, mayai ya kuvuruga na viazi vya kuponda. Vuguvugu, si moto. Usiishie kwenye uji mtupu, kidonda kinataka protini. Tafunia upande wa pili, na mrija weka kando kabisa: kule kufyonza kunaweza kung'oa bonge la damu linalofunika kidonda. Na mkate wenye ufuta usiuguse! Punje moja ilijibanza kwenye nyuzi zangu, usiku kucha ulimi haukutulia.

Baada ya saa 24 sukutua taratibu kwa maji vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi. Usiteme kwa nguvu, yaache yadondoke. Sigara? Acha. Hata ukijiona umepona, usikimbilie vigumu, maana skrubu ya titani, ule mzizi bandia uliopandikizwa kwenye taya, huchukua miezi 3 hadi 6 kushikamana na mfupa.

Ukiona uvimbe unazidi baada ya siku ya 3, homa, usaha, damu isiyokoma au ganzi isiyoisha, mpigie daktari wako siku hiyohiyo.