Kupima hasara ya volkano kwa wafanyabiashara wa Goma

Ndugu, umeuliza kama inatosha kuhesabu maduka yaliyoungua ili kujua volkano ya Nyiragongo iliwaumiza kiasi gani wafanyabiashara wa Goma, mashariki mwa Kongo. Haitoshi hata kidogo. Kwa mwaka 2002 ungeweza kuanzia hapo, maana lava ilipita katikati ya mji, ikafunika depo (maghala), butike (maduka) na sehemu ya uwanja wa ndege. Lakini Mei 2021 iliishia pembeni, upande wa Buhene, na biashara ya mjini ikalala vilevile. Tarehe 27 ilitolewa amri ya kuhamisha kartie (mitaa) 10 ya mji, watu wakakimbilia Sake, Bukavu na Gisenyi. Butike imesimama, mwenyewe hayupo, mteja naye hayupo.

Basi muulize kila mmoja: ulifunga siku ngapi, siku ya kawaida unauza kiasi gani, na nini kilioza? Mama wa sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu) na muuza simenti hawapotezi sawa. Simenti inangoja (kama haikuibwa, na hilo uliza pia). Lava ilikata pia barabara ya Rutshuru, kunakotoka maharage na mboga, kwa hiyo linganisha bei ya kununulia kabla na baada.

Madeni usiyaache. Anayekopesha kwa daftari hupoteza wateja wakihama moja kwa moja, na likelemba (mchango wa kupokezana zamu) haimsubiri mtu. Mimi ningefungua daftari hilo kabla ya kupiga picha ya ukuta wowote. Halafu rudi baada ya miezi sita: wapo wanaofungua haraka kwa mkopo, kisha wanafunga kimyakimya.